Tahadhari: Wauza “nafasi ya kwanza Google” wanaziua tovuti za biashara

Wenye tovuti za biashara, kaeni chonjo. Ukipata ujumbe usioutarajia unaosema “tumekagua tovuti yako, ina makosa chungu nzima, tutakupandisha hadi nafasi ya kwanza Google ndani ya siku 30”, ufute. Google wenyewe wanasema hakuna anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza, na kwamba kazi halali ya SEO (kuboresha tovuti ili ionekane juu kwenye matokeo ya utafutaji) kwa kawaida huchukua miezi 4 hadi mwaka mzima kuanza kuleta faida. Anayedai ana mtu wake ndani ya Google ni mwongo. Kulipia matangazo nako hakupandishi tovuti kwenye matokeo ya kawaida.

Wapo wanaotimiza ahadi kwa ujanja. Wanachagua wenyewe maneno ya kutafuta, mara nyingi jina la biashara yako au sentensi ndefu ambayo hakuna mteja anayeiandika, kisha wanakutumia picha ya skrini kuonyesha uko juu. Usiipokee kama ushahidi. Fungua Google Search Console, huduma ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti jinsi inavyoonekana kwenye utafutaji, ingia kwenye ripoti ya utendaji, chuja jina la biashara litoke, uone maneno yaliyobaki yameonekana mara ngapi na yamebofywa mara ngapi. Mwingine atakutoza kwa kujaza tagi ya keywords (orodha ya maneno iliyofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa), ilhali Google walishatangaza Septemba 2009 kwamba hawaitumii kupanga matokeo.

Hatari kubwa zaidi ni linki za kununua, yaani viungo vya kulipia kutoka tovuti nyingine vinavyoelekeza kwenye yako. “Kifurushi cha linki 500 kwa mwezi” hutoka kwenye domeni (majina ya tovuti) zilizotelekezwa na kununuliwa upya, kwenye tovuti zilizoundwa kwa ajili ya kuuza linki tu, na kwenye maoni yanayomwagwa na programu. Tangu Aprili 2012, Google ilipotoa sasisho la utafutaji liitwalo Penguin, mifumo yake inazisaka linki za namna hii. Ikizigundua, inazipuuza na pesa yako imekwenda, au mkaguzi wao anaipa tovuti adhabu, nayo inaporomoka au inatolewa kabisa. Ukubwa wa kampuni hausaidii: tovuti ya BMW ya Ujerumani iliondolewa Februari 2006 kwa kurasa za kuhadaa injini ya utafutaji, na ya J.C. Penney, kampuni ya maduka ya Marekani, ikashushwa Februari 2011 kwa sababu ya linki. Adhabu hukaa kwenye domeni yako, wala haimfuati fundi aliyefanya uchafu huo.

Kujikagua ni rahisi. Katika ripoti ya linki ya Search Console, soma maneno yanayobeba linki, yaani yale ambayo msomaji huyabofya ili aje kwako. Kwa duka la samani lisilo na hila, maneno hayo mara nyingi huwa jina lake au anwani ya tovuti yake. Ukikuta “nunua sofa bei nafuu” limejirudia neno kwa neno kutoka tovuti za kamari au za lugha usizouzia, umeshachafuliwa. Kagua pia maandishi yaliyofichwa: fungua ukurasa, chagua kila kitu kwa Ctrl+A, na maneno meupe juu ya nyeupe yatajitokeza.

Kabla ya kulipa, hakikisha domeni imesajiliwa kwa jina lako na barua pepe yako. Anayekagua tu mpe ruhusa ya kuona kwenye Search Console. Umiliki baki nao. Mkataba useme utapewa orodha ya kila linki na kila badiliko alilofanya. Akisema hiyo ni “siri ya kazi”, achana naye.

Kama umeshaingia mkenge, sitisha malipo, badilisha manenosiri na umwondoe kwenye akaunti. Ondoa na alama aliyoitumia kuthibitishwa kuwa mmiliki kwenye Search Console, iwe faili la HTML ndani ya tovuti au rekodi ya DNS (mipangilio ya domeni), la sivyo anaweza kujirudisha kuwa mmiliki. Kisha soma ripoti ya adhabu kwenye Search Console. Ikiwa ipo, andikia tovuti husika ziondoe linki. Zitakazokataa ziweke kwenye faili la txt, kila mstari ukianza na domain: ukifuatiwa na jina la domeni, ulipakie kwenye zana ya Google ya kukana linki (kuiambia isizihesabu), kisha omba kuangaliwa upya ukieleza ulichosafisha. Kama ripoti haina adhabu, ombi hilo halina kazi, na zana hiyo usiiguse kwa kubahatisha, maana unaweza kukana linki nzuri zinazokubeba.