Nilivyokompaili iD, na bodaboda yangu bado haijaonekana

Nyota mbili. Moja ya ramani, moja ya subira yangu.

iD ndiyo ile programu inayofunguka ukibonyeza kitufe cha kuhariri kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea. Kule kwenye tovuti haina shida: unachora nyumba pembe nne, unahifadhi, kwisha. Mimi nachora Tandale, ambako tangu enzi za Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za Dar es Salaam, watu wanaingiza mifereji na vichochoro kwa sababu ya mafuriko. Sasa kiherehere kikanishika. Vijana ninaochora nao waliandika "bodaboda" kwenye kisanduku cha kutafuta aina ya kitu, wasipate walichotaka. Nikasema basi, nitaishusha programu yenyewe, niongeze neno, nikompaili, yaani nigeuze kodi yake iwe programu inayofanya kazi. Kazi ya jioni moja. Jioni moja!

Amri zenyewe ni tatu: npm install, npm run all, npm start. Ile ya kwanza ikala bando langu la wiki. Sawa, nikanunua jingine. Ya pili ikanitapikia mistari myekundu, na katikati yake hii: SyntaxError: Unexpected token '?'. Alama ya kuuliza. Nimekaa niulize kompyuta, nayo inaniuliza mimi.

Nikapiga picha skrini, nikaitupa kwenye grupu letu la WhatsApp. Humo yumo kaka mmoja, tumwite Fundi, anajua kila kitu. Baada ya saa nzima akajibu: "Umesoma README?" Yaani lile faili la maelekezo linalokuja na programu. Basi. Hakuna mambo, hakuna pole. Nikamwandikia, "Kaka nimesoma, tena mara mbili." Akaweka kikatuni cha kucheka. Wengine watatu nao wakaweka. Nilizima data, chipsi mayai yangu ikapoa mezani.

Nikafuta node_modules yote, lile folda la vitu vilivyoshushwa, nikaanza upya. Bando la tatu hilo. Kosa lile lile, alama ile ile. Siku nne hivi, labda tano, nilikuwa naamka na hiyo alama machoni. Wakati huo ungeniuliza, ningekwambia nyota sifuri na matusi juu.

Halafu usiku mmoja nikaandika tu node -v, kuuliza toleo la Node, programu inayoendesha zile amri. Ikajibu 12. Kumbe Ubuntu yangu ya 22.04, mfumo wa kompyuta yangu, ukiiambia apt install nodejs inakupa toleo la 12, ambalo wenyewe waliacha kulihudumia Aprili 2022, mwezi ule ule Ubuntu hiyo ilipotoka. Limekuja na sanda yake mkononi. Toleo hilo halijui maana ya alama mbili za kuuliza zikikaa pamoja, ndiyo likakwama pale. Na toleo linalotakiwa limetajwa kwenye README. Kabla hata ya amri zenyewe. Nilipitisha macho tu. Yaani Fundi alikuwa sahihi, na hilo ndilo linaloniuma kuliko bando zote tatu.

Nikaweka Node mpya kwa nvm, kifaa cha kubadilisha matoleo ya Node, nikarudia. Hakuna jekundu hata moja. Fungua 127.0.0.1:8080 kwenye kivinjari, usiandike localhost. Mimi kuingia na akaunti kulinigomea hivyo. Tandale ikajichora kwenye kompyuta yangu, kichochoro kwa kichochoro. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Nikageuza kitufe cha kuhifadhi kikawa rangi ya chungwa, kwa kujionyesha tu. Nyota tano!

Nikaanza kulisaka faili la kuongezea bodaboda. Halimo. Aina za vitu zinakaa kwenye mradi mwingine kabisa, id-tagging-schema, na maneno ya kila lugha yanatafsiriwa Transifex, tovuti ya kutafsiria, kwenye kivinjari, bila kukompaili chochote. Ningeifanya kwa simu nikiwa nimesimama kwenye daladala.

Nimerudi nyota mbili. Au tatu, kitufe changu cha chungwa nakipenda. Jana Fundi kaniandikia faragha: "Vipi, ilikubali?" Nimemwachia tiki mbili za bluu.