Matairi ya A/T kwa pikapu ya lami na porini: ubavu kwanza, kashata baadaye

Mnunuzi wa matairi ya A/T (all-terrain, yaani ya lami na porini) akifika dukani huinama kwanza kutazama kashata, vile vipande vya mpira vinavyokanyaga chini. Akiziona nene na zimekatwa kwa ukali mpaka begani, karidhika. Kilichobaki ni kupatana bei. Makosa mengi huanzia hapo. Kashata zinaeleza kidogo tu. Uwezo wa kubeba mzigo, mwendo ambao tairi linavumilia, umri wake na ugumu wa maungo yake vimechapwa ubavuni, na hivyo ndivyo vinavyoamua kama gari litatulia kwenye lami na kutoka salama kwenye mawe.

Hapa tunayapima matatu ambayo wenye pikapu huyalinganisha sana: BFGoodrich All-Terrain T/A KO2, Falken Wildpeak A/T3W na Toyo Open Country A/T III. Lakini kabla ya majina, tusome ubavu.

Chukua tairi lililoandikwa LT265/70R16 121/118R. LT maana yake limeundwa kwa magari ya mzigo. 265 ni upana kwa milimita, 70 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo, 16 ni inchi za rimu. Namba 121 ni kipimo cha mzigo: kilo 1,450 kwa tairi moja (118, yaani kilo 1,320, ni kwa gari lenye matairi mawili mawili nyuma). R ya mwisho ni mwendo wa juu, kilomita 170 kwa saa. Sasa weka kando yake tairi la saizi hiyo hiyo lisilo na LT, 265/70R16 112T: kilo 1,120, kilomita 190 kwa saa. Kwa macho yanafanana kama pacha. Ndani ni matairi mawili tofauti kabisa.

Pikapu nyingi za kabini mbili hazihitaji kilo 1,450 kwa kila gurudumu. Matairi mawili ya 112 kwenye ekseli ya nyuma yanabeba kilo 2,240, na ekseli nyingi za daraja hilo haziruhusiwi kufika huko. Soma kibao cha mlangoni uhakikishe ya gari lako. Sababu ya haki ya kununua LT, hasa yale ya daraja E (daraja la mzigo) yenye nguvu ya plai 10, yaani tabaka 10, ni mawe makali, visiki na kuendesha kwa upepo mdogo gari likiwa limejaa. Anayekaa kwenye lami na barabara ya vumbi iliyochongwa, akibeba watu watatu na mizigo midogo, LT ya daraja E linamtesa bure: ni zito kwa kilo kadhaa kila moja, linadunda, linakula mafuta, na breki zina kazi zaidi ya kulisimamisha.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi hawalisemi. Tairi la LT linataka upepo zaidi kubeba mzigo ule ule. Kibao cha mlangoni kikisema psi 29, hizo ni za tairi la kawaida lililotoka na gari kiwandani. Ukifunga LT ukajaza 29 hizo hizo, mabega yatalika upesi na ubavu utapata joto. Anza na psi 6 hadi 10 juu ya kibao, kisha hakiki kwa jedwali la mzigo la mtengenezaji. Njia rahisi ya kuona unakwendaje ni chaki: chora mstari mnene kukatisha kashata kutoka bega hadi bega, endesha mita 150 hivi kwenye lami iliyonyooka, shuka utazame. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika mabegani na kubaki katikati, umepungua. Ikifutika sawasawa, andika namba hiyo ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Ila usishuke chini ya kile jedwali linachotaka kwa mzigo wako, hata chaki iseme nini.

Sasa majina. KO2, iliyotoka mwaka 2014, sifa yake ni ubavu. Bega limejengwa nene na limepanda juu, na mpira wake ni mgumu, haumegeki ovyo kwenye kokoto. Katikati ya kashata za begani kuna vinundu vidogo vya kusukuma mawe yatoke. Ukikiangalia kimoja kwa karibu ni ukuta mwembamba wa mpira usiofika hata nusu ya kimo cha kashata, lakini bila huo jiwe lililonasa huzidi kuchimba kila gurudumu linapozunguka, mpaka litoboe hadi kwenye nyuzi za chuma. Kwa kazi ya machimbo, mapori yenye mawe na barabara za kokoto, tungelichagua hili bila kusita. Ugumu huo una gharama: kwenye lami iliyolowa linashika kwa shida kuliko wenzake wawili, na tofauti inaonekana zaidi kashata zikishafika nusu. Dereva aliyezoea matairi ya barabarani lazima aongeze nafasi kati yake na gari la mbele siku ya mvua.

Wildpeak A/T3W ndilo la mvua. Mpira wake unashika lami iliyolowa vizuri, mikato yake midogo ni ya kina na inabaki kufanya kazi hata tairi likishatumika, na sehemu ya chini ya ubavu ina mbavu za kupoza joto, jambo la maana kwa anayevuta tela. Ni zito. Kwa saizi ile ile ya LT utaona pikapu yenye injini ndogo inachelewa kuchanganya. Kwenye mawe makali linajitahidi, ila KO2 linavumilia zaidi.

Open Country A/T III ni la mtu ambaye kilomita zake nyingi ni za lami. Lina utulivu, sauti yake ni ndogo kwa tairi la A/T, usukani unabaki mwepesi, na mpira wake umechanganywa kuzuia kukatika na kumegeka. Kwenye tope zito la mfinyanzi ndiko linakoshindwa mapema, kwa kuwa nafasi kati ya kashata ni finyu na tope likishajaa halitoki. Lakini tuseme ukweli: hakuna A/T linalolipenda tope la mfinyanzi. Kama tope ndilo sehemu kubwa ya safari zako, unatafuta M/T (mud-terrain, tairi la tope), na ukubali kelele na kulika haraka.

Kwa matumizi ya nusu kwa nusu, chaguo letu ni Wildpeak lisilo la LT, au la LT kama unavuta tela. Mawe yakiwa mengi kuliko mvua, KO2.

Matoleo mapya yapo: KO3 ilitoka 2024, na Falken wana A/T4W. Ukiuziwa toleo lililotangulia kwa bei nzuri, hakuna ubaya, mradi usome tarehe. Tafuta neno DOT ubavuni. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka. 3223 ni wiki ya 32 ya mwaka 2023. Mara nyingi tarakimu hizo zimechapwa upande mmoja tu, kwa hiyo usipoziona ligeuze tairi, usikubali kuambiwa "zimefutika". Tairi lililokaa stoo miaka mitano limeshapoteza sehemu ya uhai wake hata kama vinyweleo vya mpira bado vimesimama.

Kwenye saizi watu hujiletea matatizo kwa mikono yao. 265/70R16 ina kimo cha milimita 777. Ukipanda 265/75R16 unafika 804, karibu asilimia 3.4 zaidi, na spidomita ikisema 100 unakwenda zaidi ya 103. Hilo linavumilika. 285/75R16 inafika 834, asilimia 7 zaidi: gia zinakuwa ndefu, injini inalemewa mlimani, breki zinachelewa, na tairi linaanza kukwangua plastiki ya matigadi. Usipime kukwangua gari likiwa limesimama sakafuni. Panda gurudumu moja la mbele juu ya kitu imara ili springi ibane, kata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, kisha rudia ukirudi nyuma. Angalia pia kama spea inaingia mahali pake chini ya bodi. Upana nao haukusaidii kama unavyodhaniwa. Tairi jembamba kiasi hukata tope laini na kufika chini penye ugumu, wakati pana huelea na kuteleza.

Siku ya kufunga, dai valvu mpya, kubalansi kwa mashine, na alaimenti baada ya hapo. Nati zikazwe kwa mpangilio wa kukabiliana, si kwa kuzunguka duara, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Bunduki ya upepo ya fundi hukaza kupita kiasi na kunyoosha stadi, zile skrubu zinazoshika nati. Isogeze nati tu, spana ya kipimo imalizie.

Porini, upepo ndio zana yako kubwa. Kwa gari lisilojaa sana, kwenye changarawe yenye mawimbi shusha hadi psi 26 au 28, na gari litaacha kurukaruka. Kwenye mchanga laini 15 hadi 18. Ukipunguza upepo, tairi huongeza zaidi urefu wa sehemu inayokanyaga chini kuliko upana, na huo ndio unaokubeba juu ya mchanga. Chini ya 20 usizidi kilomita 30 kwa saa na usikate kona kwa ghafla, tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Penye mawe makali usishushe mno: ubavu ukitokeza nje ndio unaokutana na ncha za mawe, na ubavu ukikatika hauzibiki kwa plagi. Jaza tena kabla ya kurudi lami, kwa kipimo cha mkononi, si kwa kupiga teke. Asiye na kompresa ndogo ya betri asishushe upepo kabisa.

Kila kilomita 8,000 hadi 10,000 zungusha matairi, na pitisha kiganja juu ya kashata. Zikiwa laini ukienda mbele na zenye makali kama meno ya msumeno ukirudi nyuma, kashata zinalika upande mmoja. Yaliyo mbele yanataka kuhamia nyuma. Makali yakiwa ya kutoka upande wa ndani kwenda nje, ni alaimenti. Mashimo mashimo kuzunguka tairi ni shokapu zilizochoka au balansi, na tairi jipya litaharibika vivyo hivyo usipotengeneza chanzo. Alama ya mwisho ya kisheria katika nchi nyingi ni milimita 1.6, ila A/T likifika 4 limeshaacha kuwa A/T; kwenye tope halina tofauti na la barabarani.

Nunua matano, si manne, na liingize la tano katika mzunguko. Kwenye fobaifoo, spea mpya kabisa ikifungwa pamoja na matatu yaliyolika ina kimo kikubwa kuliko wenzake, magurudumu yanazunguka kwa idadi tofauti, na ukiwa umefunga gia ya magurudumu manne kwenye lami mzigo wote wa tofauti hiyo unaangukia difu na boksi ya usambazaji.