Uzoefu wangu na wakala wa ajira za nje: kwa nini niliacha ofa yenye mshahara mnono

Huu ni mwezi wangu wa nane kazini ugenini. Naandika kwa ajili yako uliye na ofa mkononi na unayesukumwa usaini leo leo.

Nilipata ofa mbili kwa mawakala wawili. Ya kwanza ilikuwa kazi ya ndani, kumtunza mzee pamoja na usafi wa nyumba, na mshahara wake uliizidi ya pili kwa theluthi nzima. Ya pili ilikuwa ya kufua na kupiga pasi mashuka hotelini. Kwa siku mbili moyo wangu wote ulikuwa kwenye ile ya kwanza.

Kalamu na karatasi ndivyo vilivyonigeuza. Mkataba wa kazi ya ndani ulikuwa wa ukurasa mmoja, hautaji saa za kazi wala siku ya kupumzika. Nilipouliza, nikajibiwa, "Utazoea ukifika." Ada ya uwakala ingekatwa kwenye mishahara ya miezi mitatu ya mwanzo, na pasipoti ingekaa kwa mwajiri. Hilo la pasipoti lilinishtua sana. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 189 wa mwaka 2011 unampa mfanyakazi wa nyumbani haki ya kukaa na hati zake mwenyewe, na kupumzika angalau saa 24 mfululizo kila wiki. Si nchi zote zimeuridhia, lakini mimi wakala anayekwepa hata kuyazungumza simwamini.

Dada mmoja aliyewahi kufanya kazi kama ile aliniambia saa 14 kwa siku, siku zote saba, ni jambo la kawaida. Hizo ni saa 98 kwa wiki. Mkataba wa hoteli ulisema 48. Nikagawanya: kwa mshahara ule mnono, saa yangu moja ingelipwa takriban theluthi mbili tu ya saa ya hotelini, na hapo makato bado.

Wakala wa pili, niliyeenda naye, alinipa nakala ya mkataba katika lugha ninayoisoma, nikakaa nayo siku tatu. Jina la mwajiri, malazi, bima, tiketi ya kwenda na kurudi, vyote vimeandikwa. Ada ya uwakala hakunitoza. Ila vipimo vya afya nililipia mwenyewe, na hilo ni kosa, kwa sababu hata ufafanuzi wa ILO wa mwaka 2019 unavihesabu kati ya gharama ambazo mfanyakazi hapaswi kubebeshwa. Nilirudishiwa pesa baada ya wiki sita za kupiga simu. Viza nayo ilichelewa, na kwa wiki mbili hakuna aliyepokea simu. Kwa mtu aliyekwisha acha kazi yake, ukimya huo unaumiza mno.

Nilipofika, nikawekewa mkataba mwingine nisaini. Nilikuwa nimepiga picha kila ukurasa wa ule wa kwanza na kumtumia mdogo wangu, kwa hiyo nikalinganisha mstari kwa mstari: kipengele cha malipo ya saa za ziada hakikuwemo. Sikusaini. Nikamtumia wakala picha zote mbili usiku uleule. Siku ya tatu nililetewa mkataba uliorekebishwa, na kwenye hati ya mshahara wa mwezi wa kwanza saa zangu za ziada zilikuwa zimeandikwa, zote 11.