Mizani moja, vipande vitatu vya mbao: gereji ya Tabata iliyonisawazishia Altezza

Gereji nyingi hapa Dar ukiingia na gari la kispoti ukasema unataka springi, kabla hujamaliza fundi keshaagiza grainda akate zilizopo gari lishuke. Hawa wa Tabata waliniuliza kwanza napita barabara zipi kila siku. Nikawajibu Mandela, pamoja na malori yake yote ya bandarini, na matuta ya mtaani kwangu ambayo kila mmoja kajimwagia zege kwa kipimo chake.

Gari ni Altezza RS200, ile ya silinda 4 na gia 6 za mkono. Toyota walianza kuitoa 1998 na kuacha 2005, kwa hiyo hata ile changa kuliko zote sasa ina umri wa kupiga kura. Nimelinunua mkononi mwa mtu, na tangu siku ya kwanza lilikuwa na tabia mbili. Ukikata kulia linaingia upesi mpaka mkia unataka kutoroka. Ukikata kushoto pua inakwenda nje. Mafundi wa awali wote walisema ni alainmenti, yaani mwelekeo wa tairi. Nikalipia alainmenti, tabia ikabaki.

Fundi wa Tabata alisema, "Dada, tulipime uzito kwanza." Ana mizani moja tu, ya tairi moja. Chini ya tairi tatu zilizobaki anaweka vipande vya mbao vyenye kimo sawa na mizani, kisha anaihamisha kona kwa kona. Sakafu ameipima kwa mpira wa maji, ule wa waashi. Upepo wa tairi ukasawazishwa, na kwenye kiti cha dereva ukawekwa mfuko wa sementi wa kilo 50 na dumu la maji la lita 20, badala yangu. (Nisiseme alikosea kwa kilo ngapi.)

Mbele kulia ilikuja kilo 413, mbele kushoto 347. Nyuma kulia 309, nyuma kushoto 341. Upande wa kulia kuwa mzito ni kawaida, dereva anakaa huko. Ajabu ni nyuma: kushoto kulizidi kulia. Ukijumlisha kimshazari, mbele kulia na nyuma kushoto zinabeba 754, mshazari wa pili 656. Ni meza yenye mguu mmoja mrefu, na hiyo ndiyo sababu kona za kushoto na kulia hazikufanana.

Springi ya nyuma kushoto ilipotolewa, alama yake ya rangi haikufanana na ya mwenzake. Kuna mtu alichanganya mitumba miwili. Kwa macho huwezi kujua: waya wa milimita 13 badala ya 12, vipimo vingine vikiwa vilevile, unaongeza ugumu kwa karibu asilimia 38.

Nilikuwa natamani zile springi za kijani za TEIN zinazoshusha gari. Hakunikatalia, ila alinionyesha nafasi iliyobaki kabla shokapu haijagonga mpira wake wa mwisho, akaniambia nikishusha, tuta la kwanza litanijibu. Kukata ndiyo hakutaka hata kusikia. Springi yenye mizunguko sita inayofanya kazi ukiondoa mmoja inakuwa ngumu zaidi kwa sehemu moja ya tano, na wakati huohuo umeinyima nafasi ya kubonyea. Akanionya pia nisiige namba za ugumu wa springi za rafiki yangu mwenye Subaru Impreza. Ile springi yake ya mbele imekaa kwenye shokapu, karibu kabisa na tairi. Altezza ina amu mbili, yaani mikono ya chuma inayoshika tairi, juu na chini, na springi imeegemea ndani zaidi. Ikibonyea milimita 7 kwa kila 10 za tairi, ugumu unaofika kwenye tairi ni nusu tu ya ule ulioandikwa kwenye boksi.

Tukafunga seti mpya ya Toyota, zote nne, urefu wa kiwandani. Ukienda kununua, taja kama yako ni RS200 au AS200, maana AS200 ina injini ya silinda 6 na wauzaji wengine wanakupa yoyote iliyo karibu na mkono. Kilichobaki alikimalizia kwa washa nyembamba chini ya springi. Sasa mishazari ni 710 na 700.

Jambo lililonifanya niandike haya ni dogo. Nati za bushi za amu, vile viungo vyake vya mpira, hakuzikaza gari likiwa juu ya jeki. Alilishusha, akalisukasuka likae, ndipo akaingia chini kuzikaza. Ukizikaza tairi zikining'inia, mpira wa bushi unabaki umejinyonga, unalinyanyua gari kwa uongo na kuchanika mapema.

Malalamiko yapo. Ufundi peke yake ni laki moja na themanini, ghali. Mashine ya alainmenti hawana, na ukibadili springi lazima uende, kwa hiyo unalipa tena kwingine. Benchi la wateja liko juani. Na fundi hapokei simu akiwa chini ya gari, yaani muda wote, hivyo nenda mwenyewe kabla ya saa tatu asubuhi.