Kejeli ya vikaragosi Nairobi: uwanjani au kwenye video?

Muthaiga ya kifahari na Mathare ya mabanda zinatazamana ng'ambo ya Barabara ya Thika, kwa hiyo msanii wa kukejeli pengo la matajiri na maskini hakosi hoja. Swali ni achezeshe kikaragosi uwanjani au mbele ya kamera.

Kwa gharama, uwanja unashinda: sponji, gundi na pazia kuukuu vinatosha. Video inadai taa, maikrofoni na mhariri, tena kurekodi filamu ya kuonyeshwa umma kuna leseni yake.

Utamu ndipo mambo yanapogawanyika. Uwanjani mama mboga akipaza sauti, "Na maji je?", kikaragosi kinageuza shingo na kumjibu hapo hapo. Kamera haiwezi hilo, ila inasogea hadi kwenye jicho la mheshimiwa likikwepa mtungi mtupu. Aliyekaa nyuma uwanjani asingeliona.

Mvua ya Aprili huvunja onyesho. Video husambaa WhatsApp mvua ikinyesha. Utunzaji? Sponji hushonwa jioni. Lateksi, mpira laini uliotumiwa na The XYZ Show, kipindi cha runinga cha vikaragosi cha mchora katuni Gado kilichoanza 2009, huharibiwa na jua.

Mfuko mtupu na mtaa unakujua? Nenda uwanjani. Ukiwalenga walio nyuma ya geti, rekodi: video haiulizwi kitambulisho na soja.