Uzoefu wangu na mapipa ya plastiki yaliyotumika katika mfumo wa akwaponiki wa nyumbani

Nimekuwa nikifuga samaki na kuotesha mboga kwa maji yaleyale, ndani ya mapipa ya plastiki yaliyokwisha kutumiwa na wengine, kwa muda wa kutosha kuyaona yakistahimili majira ya jua kali na ya mvua. Maoni yangu ni kwamba kwa mtu anayejijengea mfumo mwenyewe, pipa kuukuu ni kitalu bora cha mimea, ni tangi la samaki la wastani, na katika kazi zote mbili thamani yake inategemea kwanza kile lilichobeba kabla ya kufika mikononi mwake.

Mapipa ninayoyazungumzia ni yale ya bluu yenye ujazo wa lita 200 hadi 220, yanayotengenezwa kwa polithilini nzito, na ambayo hutambulika kwa alama ya pembetatu yenye namba 2 pamoja na herufi HDPE. Plastiki hiyo yenyewe haidhuru samaki wala mizizi. Shida ni kwamba hunyonya mafuta ya petroli, viyeyusho na viuatilifu vingi, vikazama ndani ya ukuta wa pipa, kisha vikarudi majini kidogokidogo kwa muda mrefu, na hakuna sabuni wala klorini inayoweza kuvifuata humo vilikojificha. Kwa sababu hiyo nilitafuta mapipa yaliyobeba zeituni, siki, sharubati nzito ya matunda au mafuta ya kula, na yale yaliyobeba rangi, dawa za mimea au mafuta ya mashine sikuyataka hata kwa kupewa bure. Yaliyobeba sabuni ya maji yana watetezi wao, nao husema kwamba ukisuuza mpaka povu likome mambo yameisha. Mimi niliyaacha, kwa kuwa sabuni kidogo tu iliyobaki huathiri mashavu ya samaki, na mapipa ya vyakula hayakuwa adimu kiasi cha kunilazimisha kubahatisha.

Muuzaji wa mapipa hukueleza anachokijua, na pengine anachodhani unataka kukisikia. Mojawapo ya mapipa niliyoonyeshwa lilisemekana kuwa lilibeba juisi, lakini nilipofungua kizibo kikubwa na kuinamia tundu, harufu iliyonipokea ilikuwa kali na ya kuchoma puani, kama ya kiyeyusho cha rangi, nikalirudisha kizibo chake na kuliacha palepale. Kipimo ninachokiamini kuliko maneno ni kulifunga pipa tupu, kuliacha juani mpaka lipate joto, kisha kulifungua na kunusa, kwa sababu joto hutoa nje harufu ambayo asubuhi ya baridi ingeificha. Harufu ya zeituni au ya siki haitoki upesi, ila haina madhara.

Alama zilizopigwa kwenye pipa nazo zinafaa kusomwa. Maandishi 1H1 humaanisha pipa la plastiki lenye kichwa kisichofunguka, lenye vizibo viwili juu, na 1H2 ni lile ambalo mfuniko wake wote hutoka na hushikiliwa na pete ya kubana. Wapo wanaoogopa alama hizo kwa kuwa zinatokana na kanuni za Umoja wa Mataifa za usafirishaji wa mizigo hatari, lakini alama husema tu kwamba pipa lilipimwa na kuonekana linaweza kubeba mzigo wa namna hiyo, wala haithibitishi kwamba liliubeba. Katika mfuatano huohuo umo mwaka wa kutengenezwa, nao ndio ninaoutazama zaidi, maana kwa kawaida kanuni hizo hulipa pipa la plastiki miaka 5 tu ya kubeba mizigo hatari, ilhali kwa kazi yetu pipa la umri huo bado lina nguvu nyingi, mradi halikuanikwa juani muda wote.

Usafishaji hauna mengi. Maji ya moto na sabuni kwa yaliyobeba mafuta ya kula, maji mengi ya kusuuza, dawa ya klorini iliyochanganywa na maji, kusuuza tena, kisha kuyaacha wazi juani mpaka harufu ya klorini iishe kabisa, kwa sababu klorini itakayobaki itawaua bakteria ambao hugeuza uchafu wa samaki kuwa chakula cha mimea, na ambao mfumo mzima unawategemea.

Sifa kubwa ya mapipa haya huonekana yanapopasuliwa. Pipa likikatwa kwa urefu hutoa vitalu viwili vya takriban lita 100 kila kimoja, na kwa kuwa kipenyo chake ni karibu sentimita 58, kina cha kila nusu huwa karibu sentimita 29, yaani kinakaribia sana sentimita 30 zinazopendekezwa kwa kitalu cha kokoto, yaani kile ambacho mimea huota ndani ya kokoto badala ya udongo. Tako la mviringo pia halina pembe za kutuamisha maji machafu. Sifoni ya kengele, yaani bomba lenye kifuniko ambalo hutoa maji lenyewe kitalu kikijaa, inapovuta, maji yote hukimbilia chini katikati. Msumeno wa umeme wenye meno membamba hulikata bila taabu, lakini huacha nyuzi za plastiki zilizojikunja zinazong'ang'ania ukuta, na nyuzi hizo zisipofutwa kwa mkono, moja baada ya nyingine, huishia kwenye pampu.

Ubaya wake ni kwamba pipa lililopasuliwa limepoteza umbo lililokuwa likilipa nguvu. Ukilijaza kokoto, kingo zake hutanuka kwenda nje mpaka kitalu kinakuwa kama sinia. Lita 100 za kokoto zina uzito wa kilo 150 hivi kabla ya maji kuongezwa, kwa hiyo fremu ya mbao inayozibana kingo pande zote mbili, ikikaa juu ya matofali imara, ni sehemu ya mfumo na si pambo, nayo iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo. Kokoto zenyewe nilizijaribu kwa siki: zikitoa povu zina chokaa, nazo zitaupunguza uchachu wa maji, kipimo cha pH kikipanda hadi juu ya 7, mahali ambapo mimea hushindwa kupata chuma ipasavyo hata kama chuma kimo majini.

Tundu la kutolea maji linahitaji uangalifu, kwa sababu ukuta wa pipa umepinda na washa bapa za kawaida (pete za kuzibia maji) hazikai sawasawa juu yake, hata uzikaze vipi. Kilichonifaa ni pete nene ya raba inayopachikwa ndani ya tundu, kisha bomba likasukumwa kwa nguvu katikati yake. Raba hufuata mpindo wa ukuta, haihitaji gundi, na haijawahi kuvuja.

Kama tangi la samaki, pipa zima nalipa alama za wastani. Kwa kanuni ya kawaida ya kilo 10 hadi 20 za samaki kwa kila lita 1,000, pipa la lita 200 linapaswa kubeba kilo 2 hadi 4 tu, yaani tilapia wanne hadi wanane wa nusu kilo. Maji kidogo namna hiyo hupata joto na kupoa haraka, amonia, ile sumu itokanayo na uchafu wa samaki, hupanda upesi chakula kikizidi, na umeme ukikatika hewa haidumu, hasa kwa kuwa pipa lililosimama lina uso mdogo wa kupokelea hewa. Kuyaunganisha mapipa kadhaa kwa bomba la chini hupunguza tatizo la joto na amonia, ingawa kila kiungo ni mahali pengine panapoweza kuvuja. Anayetaka samaki kuliko mboga ningemshauri atafute tangi kubwa na kuyaachia mapipa kazi ya vitalu.

Mapipa meupe huruhusu mwanga na maji yake hugeuka kijani kwa mwani. Yapakwe rangi upande wa nje tu. Ya bluu huvumilia zaidi, ila kingo zilizoelekea jua huanza kutoa unga mweupe unaobaki kidoleni, na hapo plastiki imeanza kuwa dhaifu, kwa hiyo nami huzipaka.

Lile la mfuniko wa pete silikati. Nimeliweka kati ya samaki na vitalu liwe la kutuamishia kinyesi, na kwa kuwa linafunguka lote juu, naingiza mkono na brashi hadi chini, jambo ambalo pipa la vizibo viwili haliruhusu. Kama muuzaji ana moja tu la aina hiyo, ndilo ningelichukua kwanza.