Koloni la kwanza la Messor: nani wa kununua, nani wa kumwacha

Ukitaka kufuga chungu ukiwa Ulaya, hutakaa muda mrefu kabla hujatajiwa Messor, chungu wavunaji. Jenasi hii ina aina zaidi ya 100, kuanzia kusini mwa Ulaya hadi Asia na Afrika. Kinachowavutia wafugaji ni ulaji wao. Vibarua, yaani chungu wafanyakazi wa koloni, huokota mbegu, huzipanga ghalani, kisha wenye vichwa vikubwa huzivunja na wenzao kuzitafuna mpaka ziwe donge, ambalo wafugaji huliita mkate wa chungu. Yote hayo unayaona kupitia kioo. Wape mbegu za nyasi au chia zisizotiwa dawa, na mdudu mdogo aliyekufa mara kwa mara, maana mabuu yanahitaji protini.

Namba moja kwangu ni Messor barbarus, wa Hispania, Ureno, kusini mwa Ufaransa na Afrika Kaskazini. Ndani ya koloni moja utaona kibarua wa milimita 4 akipishana na mwenye zaidi ya milimita 10, kichwa chekundu kama kimebandikwa kutoka kwa mdudu mwingine. Ni mvumilivu na hukua haraka. Majira ya baridi mpumzishe mahali penye nyuzi 10 hadi 15 kwa miezi mitatu hivi.

Ila usinunue malkia mtupu, asiye na vibarua, hata akiwa wa bei ya chini. Vibarua wa aina hii ni machotara wa nasaba mbili: malkia aliyepandwa na madume wa nasaba yake pekee hapati vibarua, na kwa macho huwezi kumtambua. Utamsubiri kwa miezi na koloni halitakuja. Ongeza pesa kidogo upate malkia mwenye vibarua watano au kumi aliowazaa mwenyewe, na umwombe muuzaji picha ya tyubu utakayotumiwa (kijichupa chembamba anamokaa malkia), siyo picha ya tangazo.

Wa pili ni yule anayeuzwa kwa jina la Messor structor. Anastahimili baridi vizuri zaidi, na mara nyingine malkia kadhaa hukaa pamoja. Tatizo ni jina. Mwaka 2018 wataalamu waligawa kundi hilo katika aina tano, na wa Ulaya Magharibi wengi ni Messor ibericus. Mwaka 2025 jarida la Nature lilichapisha jambo lililonishangaza kuliko lolote nililowahi kusoma kuhusu wadudu: malkia wa ibericus hutaga mayai yanayotoa madume wa aina mbili, wa kwake na wa structor, na hao wa structor ndio anaowahitaji ili apate vibarua. Kwa hiyo kanuni ni ileile: nunua mwenye vibarua. Muuzaji anayekueleza koloni lilitoka wapi ndiye wa kumwamini.

Wa tatu, Messor hesperius wa Visiwa vya Canary, anamfaa mtu asiye na chumba cha ubaridi. Hupatikana kwa nadra kuliko wawili wa kwanza.

Kuhusu kiota, usiharakishe. Waache ndani ya tyubu mpaka wafike ishirini au thelathini. Epuka jasi laini. Taya zinazovunja mbegu huitoboa. Akriliki au tofali la zege jepesi ni salama zaidi. Upande mmoja uwe na unyevu kwa ajili ya mabuu, mwingine ukauke kabisa, la sivyo mbegu zitaota au kuvunda.

Wa mwisho, na huyu nakusihi usimnunue, ni Messor cephalotes wa Afrika Mashariki. Malkia wake hupita sentimita mbili na wafugaji wanamlilia. Mei 2025 mahakama nchini Kenya iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha mwaka mmoja, kwa kujaribu kusafirisha malkia hao. Vijana wawili kati yao walikutwa na takriban 5,000, wamefungwa kwenye tyubu zenye pamba. Kila malkia mmoja ni kichuguu kizima kilichokosekana porini Kenya, pamoja na mbegu ambazo vibarua wake wangezisambaza. Ukimkuta kwenye tangazo, mwombe muuzaji akuonyeshe kibali cha Kenya cha kumtoa nchini. Asipokuwa nacho, funga ukurasa.